Mbuzi wa Dakota

Mimi sijui kukaa. Mama yangu, Noolarami, husema nilizaliwa njiani, ndiyo maana nikiwekwa kitini miguu inaanza kuniwasha. Kwenye kazi ya mgahawa ugonjwa huo ni mtaji. Pale Dakota walinifanya msimamizi wa zamu mapema tu, kwa sababu nilikuwa situlii: kutoka kaunta hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, mpaka wenzangu wakawa wanasema Nailejileji atachimba mtaro kwenye vigae.

Lakini miezi ninayoisimulia hapa sikuwa natembea kwa ajili ya kazi. Nilikuwa nasubiri jibu la baba. Aminiel, meneja wetu, alitaka kunioa, nami nilimtaka, niseme wazi, nilimtaka sana. Wazee wake wa Meru walikwishafika nyumbani Simanjiro na kujitambulisha vizuri. Baba yangu, Mzee Koikai, aliwapokea, akawapa chai, akawasindikiza mpaka barabarani, na hakusema ndiyo wala hapana. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu lilikuwa limeuma mpaka nikaona ndivyo matumbo yalivyo.

Dakota yenyewe ni ya Wamarekani. Ilianza huko kwao kama kibanda cha kuwakaangia kuku madereva wa malori, sasa ina matawi dunia nzima. Ilipokuja Babati watu walishangaa. Arusha sawa, Dodoma sawa, Babati kuna nini? Kuna njia panda, ndiyo jibu. Basi la Singida litapita hapa, la Dodoma litapita hapa, na abiria wote wana njaa. Wakajenga karibu na stendi jengo la vioo lenye ubaridi ndani, na juu yake taa nyekundu inayoonekana ukiwa bado uko Singe, nje ya mji.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Majuma ya kwanza watu walifurika. Walikuja na nguo za kanisani, wakapiga picha na kuku kabla ya kumla, wakapiga picha na choo. Halafu wakaanza kulinganisha. Jirani yangu kule Nakwa ninakoishi, Mama Clara, nilimpelekea boksi moja siku ya mapumziko. Alitafuna mpaka mfupa, akanitazama kwa huruma. Akaniambia kuku ambaye mfupa wake unatafunika namna hii hajawahi kukimbizwa na mtu, na kitu ambacho hakijakimbizwa hakiwezi kuwa na ladha.

Kulikuwa na mengine pia. Pale kwetu unalipa kwanza ndipo unakula, na wazee wengi walichukulia kwamba tumewaona wezi. Ukimaliza unabeba trei yako mwenyewe mpaka kwenye pipa, na hapo ndipo nilipomwona mstaafu mmoja wa halmashauri akisimama na trei mkononi, akitafuta kwa macho mtoto wa kumpokea. Hakurudi tena. Siku za mnada ndizo zilizomuuma Aminiel zaidi. Wafanyabiashara wa mifugo walipita mbele ya vioo vyetu makundi kwa makundi, wakaenda zao kwenye nyama choma nyuma ya stendi, na yeye akibaki amesimama na kofia yake ya meneja akiwahesabu kwa uchungu.

Ndipo makao makuu wakamtuma Bi Nattaya kutoka Bangkok. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, aliyezifungua Dakota nyingi za Thailand. Alitukalisha akatueleza, Aminiel akitafsiri, kwamba kule nako walianza vibaya. Walipeleka kuku na viazi, kila mtu na boksi lake, Wathai wakaja mara moja, wakasema asante, wakarudi kwenye wali wao. Kwao chakula huwekwa katikati na watu wakachota pamoja, na Mmarekani alikuwa anamgawia kila mtu upweke wake. Kampuni ilipoingiza wali, pilipili na majani yao ya kunukia, ikaleta na masinia makubwa ya meza nzima, milango ikawa haifungiki. Kila mahali pana kitu chake, alisema. Tafuteni cha hapa.

Aminiel aliishika hadithi ile kama Injili. Aliwasimulia mpaka madereva wa bajaji. Ila aliisimulia nusu: ile ya wali na pilipili aliikumbuka, ile ya kuweka chakula katikati ilimpita, na hata sisi wengine ilitupita.

Akaja na mpango. Baba alikuwa na shughuli kwenye ofisi ya mkoa, maana sisi wa Simanjiro mkoa wetu uko Babati hata kama kufika inabidi uzungukie Arusha. Aminiel akasema mzee akimaliza shughuli zake tumkaribishe Dakota, ale, akae, atoe jibu lake hapo hapo. Na wenye mifugo wakisikia Koikai amekula kwetu, watakuja wenyewe. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba baba hali ndege. Kwake kuku ni wa kumwamsha asubuhi, basi. Vijana wetu siku hizi tunawala, hata mimi, lakini yeye na rika lake ukiwawekea kuku mezani umewatukana.

Siku iliyofuata Aminiel aliniambia ameomba ruhusa Dar es Salaam, na Dar wameomba Bangkok, na imekubaliwa: tutapika mbuzi. Mbuzi wa Dakota, sahani ya majaribio. Sasa mwanamume anayewahangaisha Wamarekani mpaka wakubali kumpikia baba yako mbuzi, utamwambia nini? Nilicheka, nikalia kidogo, nikaenda kusafisha kikaangio ambacho kilikuwa kisafi.

Siku yenyewe nilifika kazini kabla ya mlinzi kufungua. Nilipanga viti, nikavipangua, nikavipanga. Bi Nattaya aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nasubiri. Aliweka simu yake kwenye kijiti cha kupigia picha akakaa pembeni, macho mlangoni. Nadhani alitegemea shuka jekundu na mkuki. Baba aliingia na koti la suti, kofia ya pama na viatu vya kung'aa, kama mwalimu mkuu aliyestaafu. Aliyevaa lubega ni Mzee Lemomo, rika lake, anayeuza mbuzi mnadani hapa hapa, naye Bi Nattaya alimshika mkono muda mrefu akidhani ndiye mkwe.

Kwenye kaunta alikuwa mwenzangu Hope. Kampuni ina maneno yake ya kumpokea mteja, yale yale kwa kila mtu, na siku ile Bi Nattaya alikuwa anasikiliza. Hope akamwambia baba yangu: mambo, karibu Dakota, leo tukufurahishe na nini? Baba aligeuka nyuma kutazama ni kijana gani anayesalimiwa. Hakukuwa na mtu. Hope akaongeza shikamoo kwa sauti ya chini, nje ya maneno ya kampuni, na baba akaitikia marahaba kwa upole kabisa. Nikavua kofia nikainamisha kichwa, akanigusa utosini. Mkono wake ulikuwa na joto, nami nikatulia kwa mara ya kwanza siku ile.

Walikaa. Aminiel aliwaletea mwenyewe, sare imepigwa pasi, boksi la baba na boksi la Mzee Lemomo. Aliwatakia chakula chema akasimama kando ya meza, mikono nyuma. Mimi nilisimama kwenye kaunta nikijifanya nafuta trei.

Baba alifungua boksi lake. Akageuza kipande kimoja kwa ncha ya kidole, akageuza kingine. Akavuta boksi la mwenzake, akalifungua, akalinganisha. Mzee Lemomo alikwishaonja. Aliuliza kama nyama hii imetiwa asali, Aminiel akamweleza ni mchuzi wa Kimarekani, naye akauliza huyo mbuzi alikosa nini.

"Huyu mbuzi yuko wapi?" baba akasema.

Aminiel alimwambia ni mbuzi wa Simanjiro kabisa, amemchagua kwa mkono wake.

"Sijauliza alikotoka. Nauliza ameenda wapi."

Hapo nikaacha kufuta trei. Nilikuwa nimemwambia Aminiel habari za kuku. Hili sikumwambia, kwa sababu hakuna mtu anayemkumbusha mwenzake kupumua. Kwetu nyama ina wenyewe. Paja lina watu wake, mbavu zina watu wake, kidari na shingo na nyonga vivyo hivyo. Kuna ya wazee, kuna ya vijana, kuna ya akina mama. Kila ukoo una namna yake kidogo, lakini lazima pawe na mtu wa kusimama na kisu mbele ya macho ya watu akagawa, na kwa kugawa kwake kila mmoja ajue kwamba ametambuliwa. Mbuzi wa Dakota alikatwa kwa msumeno wa umeme, paja na shingo saizi moja, akachanganywa, akapimwa ili kila boksi liwe sawa na jingine. Kwa Mmarekani hiyo ndiyo haki. Kwa baba ilikuwa nyama ya kuokota.

Akauliza nani amegawa. Aminiel, maskini, akaeleza kwa fahari kwamba hapa hakuna upendeleo, mizani ndiyo inayogawa. Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha akalimimina boksi lake kwenye trei, akalimimina na la Mzee Lemomo juu yake, akaisukuma trei katikati ya meza.

"Haya," akasema. "Mkwe, gawa."

Nilimsikia. Alimwita mkwe. Ile ilikuwa ndiyo yenyewe, imelala pale mezani, imebaki kuokotwa tu. Hata kama angekosea vipande, na asingeweza kutokosea kwa nyama iliyokatwa vile, angechukua tu kipande kimoja akampa mzee, kingine akampa mwenzake, ingetosha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa kaunta. Si mahali pa binti kunyoosha mkono, la sivyo ningeunyoosha.

Aminiel hakunyoosha mkono. Alimtazama Bi Nattaya.

Najua kwa nini. Kampuni ina kanuni kwamba chakula kikishafika mezani mfanyakazi hakigusi, na anayekigusa hana kazi. Bi Nattaya alikuwa ameinua simu yake, anarekodi, anatabasamu, amefurahi kweli, kwa sababu mbele yake watu wa Babati walikuwa wanafanya kile walichofanya watu wake Bangkok. Hakujua anaombwa ruhusa. Aminiel akaendelea kumtazama, na baba akaendelea kumtazama Aminiel.

"Huyo ni mama yako?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Ni mkubwa wangu wa kazi."

Baba alisimama taratibu, akavaa kofia yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Basi nimekuja mapema. Siku mkono wako ukiwa wako mwenyewe, utaniita."

Wakanawa mikono, ingawa mmoja wao hakuwa amekula, wakatoka. Nilimfuata baba mpaka nje, akanigusa kichwa tena, akaniambia nirudi kazini. Mzee Lemomo alibaki nyuma kidogo akaninong'oneza kwamba hiyo si hapana. Nikamwambia wala si ndiyo.

Jioni ile Aminiel alinisindikiza kuelekea Nakwa, jua bado liko juu ya ziwa. Nilitembea mbele, yeye akinifuata kwa kukimbia kimbia. Alijitetea njia nzima. Kanuni ni kanuni, alisema, na amefika pale alipo kwa kuzishika, na watu wangapi kule kwao Meru wanatamani nafasi yake. Nilimwacha aseme mpaka yakamwishia. Ndipo nikamwambia pale mezani hakuwa mfanyakazi, alikuwa mkwe, na aliitwa hivyo mbele ya shahidi. Tulifika kwangu, akaniaga kwa sauti ya mtu aliyepigwa.

Lakini lazima nimpe haki yake. Siku zake zote za mapumziko baada ya hapo Aminiel alikuwa mnadani kwa Mzee Lemomo. Alimshikia mbuzi miguu, akachuna, akashika kisu. Alirudi ananuka zizi, ananieleza kwa furaha kwamba leo amejua kupita kwenye viungo bila kuvunja mfupa. Alinichorea mbuzi kwenye vumbi la mlangoni kwangu akanionyesha mistari, na Mama Clara akachungulia dirishani akauliza tunajenga nini. Nilimpenda upya. Usiku nililala bila kuamka, na kazini wakauliza mbona siku hizi natembea kama watu wengine.

Na Bi Nattaya naye hakulala. Ile video aliituma alikoituma, na jibu likarudi haraka. Dakota ya Babati itakuwa na Sinia la Mbuzi: nusu mbuzi, hajakatwakatwa, amechomwa bila asali, analetwa mezani na kisu, na meneja mwenyewe anamkata mbele ya wateja. Kanuni ikabadilishwa. Meneja anaruhusiwa kugusa chakula, mradi avae glovu nyeusi za kampuni. Na ubaoni nje wakaandika kwamba hapa nyama inagawiwa kama nyumbani.

Niliposoma maneno yale kitu kiliniuma, sikujua ni nini. Nikajiambia mbona unatafuta sababu, Nailejileji, ulitaka ajifunze na amejifunza.

Baba aliitwa kwenye uzinduzi. Hakuja, alituma neno kupitia Mzee Lemomo, naye akaniletea asubuhi ile ile, amesimama mlangoni na fimbo yake. Koikai ameniambia mimi, alisema, wewe Lemomo ndiwe macho yangu. Kijana akigawa vizuri, mwambie ndiyo, asinisubiri. Nilimwomba arudie, akarudia. Basi yote yakawa mikononi mwa Aminiel, mchana mmoja, meza moja. Nikaanza kutembea.

Meza kubwa waliiweka katikati kabisa. Walikaa wafanyabiashara wa mifugo na Mzee Lemomo kichwani pao, akakaa bwana mmoja wa halmashauri, wakakaa vijana kadhaa wa mnadani, na Bi Nattaya akabanwa katikati yao, amefunga kilemba alichonunua sokoni. Mpiga picha aliyekodiwa kutoka Arusha alizunguka huku na huku. Sisi wasichana wa zamu tulisimama nyuma yao ukutani, tumepanga mstari, trei vifuani. Hakuna aliyekuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri.

Aminiel akaja na sinia. Niseme kweli, aligawa vizuri. Kisu kiliingia kwenye kiungo bila kelele, paja likaachia, mbavu zikafunguka. Hakuuliza mtu, hakusita. Alimpa Mzee Lemomo kilicho chake kwanza, kisha rika lake mmoja mmoja kwa ukubwa wao, kisha akaenda kwa vijana. Bwana wa halmashauri aliyenyoosha mkono mapema alisubirishwa kwa heshima mpaka zamu yake ikafika, na wazee wakaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja alisema kwa Kimaasai kwamba huyu kijana amezaliwa kwa bahati mbaya tu kule Meru. Moyo wangu ulikuwa unagonga trei.

Ikabaki nyonga. Ilikuwa kwenye ukingo wa sinia, ina mafuta yake, imetengwa vizuri, maana alikuwa ameitenga tangu mwanzo kama anavyopaswa. Hilo ndilo fungu la akina mama. Hapo mezani kulikuwa na wanaume watupu na yule mgeni. Wanawake tulikuwa ukutani. Nimewahi kuona harusi ambayo bibi harusi alijua anapendwa kwa fungu hilo tu, alipoitwa kutoka nje akapewa mbele ya wakwe bila neno. Nikaishusha trei kutoka kifuani. Nilikuwa tayari kuitwa.

Mpiga picha akasema kitu. Bi Nattaya akacheka, akanyoosha sahani yake tupu juu kwa utani. Aminiel akainua nyonga kwa uma na kisu, akainama, akamwekea. Picha ikapigwa, ikapigwa tena, watu wakashangilia. Bi Nattaya aliunganisha viganja akamshukuru kwa namna ya kwao. Hakuwa na kosa lolote yule mwanamke, alipewa akapokea.

Kisha Aminiel akageuka, uso unang'aa kwa jasho na furaha, akanikabidhi sinia lenye mifupa nilipeleke jikoni.

Nililipeleka. Nikarudi. Mzee Lemomo alikuwa amesimama anajifuta mikono, akaniita kando. Akaniambia amegawa vizuri, atampigia Koikai sasa hivi, ni ndiyo. Nilimuuliza kama alimfundisha fungu la akina mama. Akasema hilo ndilo alilomfundisha la kwanza. Akaitazama meza, akanitazama mimi, akakohoa. Yule mama ni mgeni, akasema, na mgeni hupewa. Nikamwambia ni kweli, mgeni hupewa. Hakuondoka haraka, lakini simu alikwishaitoa.

Aminiel alinikuta kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa bado na zile glovu nyeusi, akanishika mabega nazo.

"Nai, mzee amesema ndiyo."

"Nimesikia."

"Miezi yote ile, halafu ndiyo! Mbona uso wako hivyo?"

Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa hatua chache nyuma yake, na trei. Nikamuuliza jambo moja, na nilipokuwa namuuliza nilikuwa bado naomba Mungu aseme alisahau. Mtu akisahau unamkumbusha, maisha yanaendelea.

"Ile nyonga. Ulijua ni ya nani?"

Aminiel si mwongo, na hilo nitalisema popote. Alishusha mikono.

"Nilijua. Lakini angekaa na sahani tupu mbele ya kamera, Nai, ingekuwaje? Nikasema moyoni wewe ni wangu, wewe utaelewa."

Niliona nyumba aliyoanza kujenga Singe, nikajiona ndani yake, nazunguka kutoka sebuleni hadi jikoni, kila siku naelewa. Nilisikia uchungu hasa, si wa kusimulia, kwa sababu nilikuwa bado nampenda vile vile kama asubuhi.

"Nimeelewa," nikamwambia. "Mpigie baba mwenyewe. Mwambie yeye amekubali na mimi nimekataa."

Alidhani natania. Alicheka kidogo, akangoja na mimi nicheke. Mezani walikuwa wanaita, wanataka sinia jingine, na kule nje watu walishaanza kupanga mstari chini ya ule ubao. Nikavaa kofia yangu vizuri, nikachukua trei, nikapita kando yake kwenda kuwahudumia. Kazi sikuacha. Kazi haikuwa imeniposa.